Kofia za Keki

Kipimo kilipotoa namba yake, shemeji yangu alicheka. Alidhani mashine inafanya mzaha. Kisha akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena, akainama juu ya kile kidude mpaka pua ikakaribia kukigusa. Kicheko kikamkauka mdomoni.

"Mama we! Hebu njoo uone, binti yangu. Kidude chako kimerukwa na akili."

Mpwa wangu alikuwa kwenye sinki anaosha vikombe. Akaja akipangusa mikono, akatazama. Mimi nilikuwa mezani na chai yangu, na namba za kipimo kile sijui hata zinasomwaje. Lakini nilimwona mtoto yule uso ukimbadilika, na chai ikanishinda.

Aliyepimwa alikuwa dada yangu. Hapo ndipo ajabu ilipo. Mgonjwa wa sukari katika nyumba ile alikuwa mumewe, fundi cherehani, na kila Jumamosi asubuhi binti yao, ambaye ni muuguzi, hupita akitoka zamu kuja kumtoboa kidole. Jumamosi ile namba ya fundi ilikuwa nzuri, nzuri ya kujivunia, naye akavimba kichwa.

"Basi mpime na mama yako," akasema. "Kila wiki natobolewa mimi tu, kama kitambaa."

Dada yangu hakugeuka. Alikuwa anapiga mayai kwa mkono mmoja, akaurudisha wa pili nyuma kama bibi arusi anayengoja kuvishwa pete. "Nipime, nipime. Uone damu ya mtu anayejua kula."

Na namba iliyotoka ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya mumewe siku yake mbaya kuliko zote.

"Mama, ulinawa mikono?"

"Ninawe saa ngapi? Nina sukari ya unga mpaka kwenye viwiko."

Hapo sote tukashusha pumzi. Fundi akajipiga paja. Kumbe! Kidole kilikuwa na sukari ya keki, ndiyo iliyopimwa. Mpwa wangu mwenyewe alitabasamu, akampeleka mama yake kwenye bomba, akamsugua kwa sabuni kama mtoto mchanga, akamkausha, akatoboa kidole cha mkono wa pili.

Namba ikashuka kidogo tu, kama mzee anayejisogeza kwenye benchi akijifanya anakupisha.

Mtoto yule kazini kwake ameona vidonda vya kila namna, na hajawahi kuja nyumbani akitetemeka. Siku ile alikaa juu ya ndoo ya unga. Dada yangu alikuwa bado amenyoosha kidole, tone la damu limesimama juu yake, anatutazama mmoja mmoja akingoja tumwambie ni uongo.

Niieleze nyumba ile kidogo. Mimi si mtu wa kukaa mahali. Nilikuwa nimepita tu kwa dada yangu mpaka goti langu lipatane na barabara. Nimelala katika nyumba nyingi za watu, na nyumba huijua kwa jiko lake. Jiko la dada yangu lilinitisha kwa mpango wake. Upande mmoja ni oveni, kubwa, nyeupe, ya milango miwili, na humo zilitoka keki za arusi, za siku za kuzaliwa, biskuti za siagi, mikate ya maziwa, vitu vya kumfanya mtu asahau alichofuata. Upande wa pili ni mboga. Mboga za majani, karoti, maharage yaliyolowekwa, kabichi kama vichwa vya watu.

Mumewe alipogundulika ana sukari, binti alisimama katikati ya jiko lile akatoa hukumu. "Oveni na baba haviwezi kukaa nyumba moja. Kimoja kitatoka."

"Vitakaa vyote," dada akajibu. "Niachie mimi."

Na kweli alifanya. Sahani ya kila mtu nusu ikawa mboga, robo maharage au samaki, robo wanga, na wanga wenyewe haukurundikwa. Keki ikawa ya Jumapili tu, kipande kimoja baada ya chakula, upana wa vidole viwili. Fundi alikuwa anakuja mezani na futi yake ya kushonea shingoni, anakipima kipande mbele ya watu. "Wiki iliyopita kilikuwa kinene kuliko hiki. Mke wangu, unaniibia kitambaa." Dada anamjibu, "Mteja hatosheki, akashone kwingine."

Sukari ya fundi ikatulia. Majirani wakawa wanakuja kuuliza siri. Wanaingia kuulizia mboga, wanatoka na keki. Dada alipenda kuwaambia akiwa ameshika kiuno: "Mimi hata hicho cha Jumapili sikigusi. Ninaoka kutwa nzima na sikigusi." Na hakukigusa. Nimekaa naye mezani wiki hadi wiki, sijamwona akila keki.

Tena alipungua. Yule mwanamke tangu utoto wetu alikuwa na mwili wa kujaza mlango, akapungua mpaka shingo ikaonekana. Mumewe alimpunguzia magauni, akayapunguza tena, akiimba juu ya cherehani kwa fahari. Maji nayo alikunywa jagi kwa jagi, maana wataalamu wanasema tunywe maji. Tulimsifu kwa maji. Tulimsifu kwa shingo. Nami nilimsifu, kwa kinywa hiki.

Sasa alikuwa amesimama na tone la damu kidoleni.

"Mama," binti akasema taratibu, "unakojoa mara nyingi?"

"Mtu anayekunywa maji asikojoe?"

"Na kiu?"

"Mwanangu, mbele ya oveni kuna joto."

"Hebu vuta gauni."

Akavuta. Kwenye muundi wa mguu palikuwa na alama ya trei, mahali alipoungua muda mrefu nyuma. Mimi niliijua ile alama; siku anaungua nilikuwa najiandaa kuondoka, nikaahirisha safari. Ilitakiwa iwe imebaki kovu kavu. Ilikuwa bado mbichi, inang'aa, kingo zake nyekundu. Fundi aliitazama, kisha akatazama gauni lenyewe, lile alilolibana kiunoni kwa mikono yake, na nikaona midomo yake inacheza bila sauti.

"Nilikuwa nashona ugonjwa," akasema. "Nashona huku naimba."

Kwa daktari walikwenda siku ileile. Walirudi na vidonge, na majibu yaleyale. Binti hakuvua hata viatu.

"Oveni inatoka."

"Oveni imefanya nini?" dada akapaza sauti. "Mimi sili keki! Muulize mjomba wako. Muulize baba yako. Kaka, sema!"

"Hali keki," nikasema. "Haki ya Mungu, sijamwona."

"Basi anakula nini? Mboga haimpi mtu namba hiyo."

"Labda ni ya ukoo," fundi akajaribu.

"Ukoo ndiyo, baba, na mwili wake, na umri. Lakini namba ile inalishwa. Kuna kitu kinailisha kila siku."

Dada akaapa. Akaapa kwa kaburi la mama yetu, na mimi mama yetu namjua, huwezi kuapa kwa kaburi lake ukadanganya ukalala. Hakuwa anadanganya. Hilo ndilo lililotuchanganya: sote wanne tulikuwa tunasema kweli, na ile namba nayo ilikuwa inasema kweli.

Mpwa wangu akafikiri, akashusha bakuli kubwa kutoka kabatini, akanikabidhi. "Mjomba, kesho mama ana keki ya arusi. Kaa naye. Kila atakachotia mdomoni, chochote, wewe tia kiasi hichohicho humu. Usimwambie kitu. Tia tu."

"Mnaniwekea polisi?" dada akasema. Lakini alicheka, maana alikuwa na hakika bakuli litarudi kabatini kavu. "Haya, afande. Lete na kiti chako."

Kesho yake nilikaa pembeni ya meza na bakuli magotini. Mwanzoni alikuwa ananichungulia, kisha kazi ikamchukua na akanisahau kabisa.

Siagi na sukari zilipochanganyika akachovya kidole, akalamba, kujua kama chembe za sukari zimeyeyuka. Nikatia kiasi hicho. Hazijayeyuka, akachovya tena. Nikatia. Unga ulipoingia akajaribu kwa kijiko, maana vanila hudanganya puani. Mwiko hakuutupa sinkini ukiwa na mchanganyiko: "Nitaosha mali?" akajiambia, akaulamba pande zote mbili hadi kwenye mpini. Nikatia, nikatia. Biskuti zilizovunjika kona: "Hii siwezi kumpa mtu wa watu." Mdomoni. Iliyoungua kidogo chini: mdomoni. Isiyoungua, ili alinganishe na iliyoungua.

Na huku anatafuna ananihubiria. "Kaka, jioni wanga upunguze. Umri wetu huu, wanga wa jioni unakaa tumboni kama mpangaji mkaidi."

Kisha zikaja kofia. Keki ikitoka ndani ya oveni huwa imevimba juu katikati, na ya arusi hupangwa moja juu ya nyingine, kwa hiyo lazima ile nundu ikatwe kwa kisu kirefu ili juu pawe sawa. Dada yangu ile nundu huiita kofia. Alikuwa anakata akizungusha keki kwa mkono wa kushoto, na kofia ikitoka vipande vipande mkono wa kulia unaipeleka juu, moja kwa moja, kama fundi anayeweka pini mdomoni. Macho yake yote yalikuwa kwenye kisu. Ule mkono ulikuwa unakwenda wenyewe. Nilikaa nikautazama mkono wa dada yangu kama ninavyotazama paka wa mtu mwingine akipanda mezani, na bakuli likazidi kuwa zito magotini.

Krimu aliionja kwa utamu, akaionja kwa ndimu, kisha simu ikalia katikati, akasahau amefikia wapi, akaanza upya.

Jioni binti alipoingia nilimpa bakuli. Akalitazama, akanitazama mimi. "Mjomba, hukuzidisha?"

"Nilipunguza," nikasema. Na ni kweli. Mara mbili tatu nilimhurumia.

Akachukua kopo la kuokea la mama yake, akaanza kupakia humo yale yaliyokuwa bakulini, akigandamiza kwa kijiko. Biskuti, kofia, madonge ya unga mbichi, krimu. Kopo likajaa mpaka ukingoni, na bakuli bado lina kitu chini. Akalipindua juu ya sahani, akalivuta. Ikasimama keki. Keki nzima, ya viraka, ya rangi rangi, mbaya kama ajali, lakini nzima.

Dada yangu alikuwa anafuta meza. Akaona. "Hiyo nini? Nani kaoka kitu kibaya hivyo jikoni kwangu?"

"Umeila wewe, mama. Leo."

Akaitazama. Kitambaa kikamdondoka. Akasogea karibu, akagusa kipande cha kofia kwa ncha ya kidole, akakitambua, kazi yake anaijua. Akatambua na biskuti iliyovunjika kona. Alikuwa anapumua kwa kinywa.

"Sikula," akasema. "Sikukaa chini. Nilikuwa nimesimama."

Hapo mimi nilielewa, maana kosa lile lilikuwa la nyumbani kwetu, na katika chumba kile ni mimi peke yangu niliyeweza kulijua. Mama yetu alikuwa hataki mtoto ale amesimama. Ukikutwa na kitu mkononi unatembea, unarudishwa mkekani: "Kaa, ule, kisha uondoke." Kwetu chakula ni kile ulichokikalia. Kilichopita mdomoni umesimama hakikuwa na jina, hakikuhesabiwa, hakikuombewa dua. Mimi maisha yangu yote nimekula njiani, nikaisahau sheria hiyo kwenye kituo cha kwanza. Yeye aliishika. Aliishika hivyo akaoka miaka yote, amesimama, akila keki nzima kwa siku, na moyo wake mweupe kabisa.

"Alihesabu vya kukaa tu," nikawaambia. "Ndivyo tulivyolelewa."

Fundi akavuta kiti akakaa. Binti akaanza kulia, kwa hasira, na huku analia anatafuta simu yake apate mtu wa kuja kubeba oveni.

"Usipige," dada akasema. Akainama nyuma ya oveni, akaung'oa waya ukutani kwa mkono wake. "Itoke. Ukimpata mtu, aje aichukue."

Ile namba haikunishtua kama lile neno. Dada yangu hajawahi kukubali kushindwa, hata na mvua. Mpwa wangu alibaki na simu hewani.

Keki ya arusi ilikabidhiwa, na ikawa ya mwisho. Siku zilizofuata jiko lilikuwa safi kama chumba cha maiti. Dada alikaa sebuleni mikono imelala mapajani. Vidonge alimeza, mboga alizigusagusa, maharage akayaacha. Wateja walipopiga simu alimpa mumewe aseme ameacha. "Ameacha kwa nini?" wanauliza, na fundi anatutazama sisi.

Jumamosi binti akapima. Namba ilikuwa imeshuka. Akafurahi, akainua uso kumwambia mama yake, akakuta mama yake anatazama ukuta.

"Namba imeshuka," fundi akasema, "na mwenye namba ameshuka nayo. Hali chochote, binti yangu. Unampima mtu aliyesusa."

"Mama, unataka nini?"

"Sitaki kitu. Ninauliza tu, nikiacha kuoka, mimi ni nani humu? Mgonjwa wa pili?"

Binti alizunguka jikoni, akashika hiki, akaacha kile. Mwishowe nikasikia waya unarudi ukutani. Akatoka na barakoa ya hospitali kutoka mkobani, ya buluu, akaiweka mapajani mwa mama yake.

"Sikiliza. Jikoni hii inakaa usoni. Hakipiti kitu mdomoni mwako umesimama, hata chembe. Unakula mezani, sahani ileile ya baba, mboga na maharage yako uyamalize. Ukikutwa umeivua mbele ya krimu mara moja tu, oveni inaondoka na mimi ndiye nitakayeibeba. Daktari akiridhika, utapata kipande cha Jumapili. Umekaa."

"Na nani ataonja?"

"Mjomba. Nusu kijiko."

Ndivyo nilivyopewa kazi uzeeni, na nikaonekana sifai. Dada anasimama mbele yangu, macho makali juu ya ile barakoa. "Vipi?"

"Tamu."

"Tamu vipi?"

"Tamu ya keki."

"Jamani, mtu ametembea dunia nzima na ulimi wa ubao!" Kisha anakwenda kusugua mwiko kwa sabuni, taratibu, kama anayemwosha maiti wa mtu aliyempenda. Mikono yake ilikuwa bado inapanda yenyewe. Inafika kwenye barakoa, inagonga, inashuka. Kutwa nzima barakoa ilijaa madoa ya siagi kwa nje. Binti alikuwa anayakagua yale madoa, anacheka, lakini alikagua na upande wa ndani.

Namba ikashuka, safari hii na mwenye namba akiwa anakula. Kidonda cha muundi kikaanza kukauka. Fundi akaambiwa apanue gauni moja, akalipanua kimya kimya, hakuimba. Na kliniki ilipofika daktari akasema kipande cha Jumapili kimeruhusiwa, kidogo, baada ya chakula.

Siku hiyo dada alivaa vizuri. Akamaliza mboga zake. Fundi akapima kipande kwa futi, upana wa vidole viwili, akakiweka mbele ya mkewe pamoja na uma. Ilikuwa keki yake mwenyewe, ya kipimo chake cha siku zote, yenye krimu juu na kati, imekamilika. Ndipo nilipofikiri kwamba vipande vya keki ile amekula maelfu, lakini keki yenyewe, ikiwa imekaa na yeye amekaa, hajawahi kuila.

Akakata kwa uma. Akatia mdomoni. Akatafuna mara mbili, akasimamisha taya.

Binti aliruka. "Mama! Nini? Unajisikiaje?"

Dada akameza kwa shida. Macho yalikuwa yamemtoka. "Nani katia sukari hivi?"

Tukatazamana.

"Wewe," fundi akasema.

"Siyo mimi. Hii inachoma koo! Kaka, hukuonja?"

"Nilikwambia tamu."

"Hii ndiyo keki yangu? Ya siku zote?"

"Ya siku zote, mke wangu. Ulimi wako ndio uliopumzika."

"Na mlikuwa mnakula?"

Fundi akaishughulikia miwani yake. Mimi nikatazama dirishani.

"Wateja je?" akamgeukia binti. "Kazini kwako mnazichukua kila mwezi. Wanasemaje?"

"Mama..." Mtoto alijaribu kujizuia, akashindwa, akaangua kicheko. "Tunaikata ndogo ndogo. Tunainywea chai ya rangi isiyo na kitu. Tumezoea. Wanaipenda, ile laini yake haipo kwingine. Lakini hakuna aliyemaliza kipande kikubwa, tangu nianze kazi."

Dada yangu aliweka uma. Alikuwa ameshtuka kuliko siku ya kipimo. Siku ile aliambiwa damu yake ni mbaya, akabishana nayo. Leo ulimi wake mwenyewe ndio uliomwambia, na hakuwa na wa kubishana naye. Akakisukuma kipande katikati ya meza, nusu yake imebaki. Hakuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kumwona akibakisha kitu sahanini.

Akakaa. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, ya mtu anayeomba ruhusa nyumbani kwa watu, "Nikioka kesho, nikaweka sukari nusu, nikaongeza ndimu na mayai kidogo kuishika, oveni itatoka?"

Binti alikichukua kile kilichobaki, akakila polepole, akifikiri. "Nusu ni nyingi kupunguza kwa mkupuo mmoja. Itaanguka katikati. Punguza robo kwanza, uone."

"Robo haitoshi! Umeionja hiyo?"

"Nimeionja miaka yote, mama. Oka. Lakini barakoa haivuliwi."

Dada yangu alijibu kitu kirefu, chenye matusi madogo ndani yake kwa jinsi mabega yalivyokwenda, lakini alikuwa ameshasimama mbele ya unga na ameshaivaa, na hatukusikia.